Upepo Upo, Ardhi ni ya Nani?

Mwaka 1993 mitambo miwili ya upepo, msaada wa serikali ya Ubelgiji, ilisimikwa kwenye vilima vya Ngong karibu na Nairobi. Umeme wake ulikuwa kiduchu, na hakuna aliyeutilia maanani, kwa sababu Kenya wakati huo iliegemea mabwawa ya Mto Tana. Ukame wa 1999 na 2000 ulipoyapunguza maji, nchi iliingia kwenye mgao wa umeme na jenereta za dizeli zikakodiwa kwa bei ya kuumiza. Ndipo upepo ulipoanza kutazamwa kwa jicho jingine. Hata hivyo Ngong ilisubiri hadi 2009 kuongezewa mitambo sita. Tangu hapo historia ya umeme wa upepo nchini imekwama mara kwa mara, na ukiifuatilia kwa makini utaona kwamba si upepo uliokosekana wala si mitambo, bali njia ya kusafirishia umeme na, zaidi ya hiyo, maelewano juu ya ardhi.

Chukua mradi wa Ziwa Turkana, huko Loiyangalani, Marsabit. Upepo wa pale, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ni miongoni mwa ulio bora duniani. Mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilipandishwa kutoka bandari ya Mombasa kwa malori, na barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ikabidi itengenezwe kwanza. Kila mtambo ni wa kilowati 850 tu, mdogo kwa viwango vya siku zile, maana mkubwa zaidi ungekuwa taabu kuufikisha. Kazi hiyo ngumu ilikamilika mwaka 2017, na mitambo ikasimama bila kazi! Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, ilikuwa haijaisha; mkandarasi wake wa Uhispania alifilisika, Wachina wakaja kuimalizia. Umeme uliingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018, na huku nyuma serikali ilikuwa imeshadaiwa faini za ucheleweshaji. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa tangu 2012, ikihofu kwamba Kenya ingelipia umeme isiouhitaji.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Upepo wa Turkana huvuma sana usiku, watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa, hata mvuke wa jotoardhi wa Olkaria ukalazimika kuachwa upotee. Lakini hilo ni kosa la mkataba wa kununua umeme na la kukosa mahali pa kuhifadhi umeme; dizeli haikuwa nafuu kuliko upepo hata siku moja.

Suala la ardhi ni zito zaidi. Mwaka 2014 wakazi wa Marsabit walikwenda kortini, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana zilipatikana kinyume cha sheria. Wapo wanaosema kwamba tukisubiri kila mfugaji akubali, hatutajenga kitu. Wanasahau Kinangop, ambako mradi wa megawati 60 hivi ulikufa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga. Wakulima wale walikuwa na hati zao mkononi, kwa hiyo hati peke yake si dawa. Kule Kipeto, Kajiado, familia za Wamaasai zilikodisha ardhi yao zenyewe, amana ya jamii ikatengewa asilimia 5 ya hisa, na wapo hata waangalizi wanaosimamisha mtambo tumbusi anapokaribia. Megawati 100 za Kipeto zimekuwa zikiuzwa tangu 2021.

Mtu atasema Kajiado ni rahisi, kila familia ina kipande chake, ilhali ardhi ya Marsabit ni ya jamii nzima. Ni kweli, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilitungwa kwa ajili hiyo hiyo. Serikali za kaunti zisaidie jamii kusajili ardhi hizo sasa, kabla mwekezaji mwingine hajatia sahihi.