Maji ya ORS: Tiba Iliyotangazwa Bila Siri

 

Wengi wenu mnaijua pakiti ya ORS. Mtoto akiendesha, unapewa kwenye zahanati, unaikoroga kwa maji safi na kumnywesha. Je, umewahi kujiuliza dawa hii ilitoka wapi, na ni kwa nini imeenea kila mahali? Leo tuangalie historia yake, kwa maana ina funzo kuhusu haki yako ya kujua yale ambayo watafiti wanagundua.

Zamani, mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa na maji mwilini alitibiwa kwa dripu. Dripu ilihitaji hospitali, sindano na mhudumu aliyefunzwa. Mama wa kijijini hakuwa na hayo. Katika miaka ya 1960, watafiti walitambua kwamba glukosi, ambayo ni aina ya sukari, husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata, hata kama mgonjwa bado anaendesha. Mwaka 1968, watafiti mjini Dhaka, wakiwemo David Nalin na Richard Cash, walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Wagonjwa waliokunywa mchanganyiko huo walihitaji dripu kidogo sana. Lakini madaktari wengi bado walikuwa na shaka. Waliona kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu asiye mtaalamu.

Mwaka 1971 vita vilizuka Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikawafuata. Katika mji wa Bongaon, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, na dripu zinakaribia kwisha. Akaamua kutumia maji ya kunywa. Chumvi, glukosi na magadi vilipimwa, vikatiwa katika mifuko, kisha vikakorogwa katika mapipa ya maji. Walionywesha wagonjwa walikuwa jamaa zao wenyewe: mama, baba, dada.

Dakt. Mahalanabis na wenzake walihesabu wagonjwa, na waliokufa pia waliandikwa. Hapo awali, kambini walikuwa wakifa takriban wagonjwa 30 kati ya kila 100. Kwa wale waliotibiwa kwa maji hayo, waliokufa hawakufika 4 kati ya 100. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 1973, kila daktari akaweza kuzichunguza mwenyewe, na shaka ikaanza kupungua.

Wakati vita vikiendelea, maelezo ya kutengeneza maji hayo yalichapishwa katika karatasi na kugawiwa mpakani. Tena yalitangazwa na redio ya siri ya wapigania uhuru wa Bangladesh. Naam, redio, kama hii yetu! Dakt. Mahalanabis aliyefariki mwaka 2022, na wenzake, hawakuyafanya maji hayo kuwa siri ya kuuza.

Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafunza akina mama. Kwa takriban miaka 10 walifikia zaidi ya nyumba milioni 12. Mwalimu alilipwa kulingana na jinsi mama alivyokumbuka somo.

Kuweka matokeo wazi pia kuliwezesha dawa kurekebishwa. Utafiti wa nchi mbalimbali ulipolinganishwa, ilionekana kwamba ORS yenye chumvi na sukari kidogo kuliko ile ya kwanza inamfaa mtoto zaidi. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walipendekeza ORS hiyo mpya, pamoja na tembe za zinki.

Basi mama, mtoto akianza kuendesha, fanya hivi:

• Koroga pakiti nzima kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Usiongeze sukari wala chumvi.
• Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole.
• Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
• Mpe zinki siku zote ulizoelekezwa, siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuendesha.
• Maji yaliyobaki baada ya saa 24, yamwage.
• Mkimbize hospitalini ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea au hawezi kunywa.

Na siku watafiti watakapofika kijijini kwenu kuomba damu ya mtoto au majibu ya maswali, una haki ya kuuliza: mnatafuta nini? Jina la mtoto wangu mtalilinda vipi? Na matokeo mtaturudishia lini, kwa lugha tunayoielewa? Jina na siri ya mtoto ni vya kufichwa. Lakini matokeo ya utafiti yapasa kuwafikia watu, nawe mama ukiwa mmoja wao.

 Mfundishe na jirani yako.