“Mouro” Si Mwarabu: Kuzisoma Upya Nyaraka za Wareno kuhusu Pwani Yetu

Mwaka 1938 mwanahistoria Reginald Coupland aliieleza miji ya pwani ya Afrika Mashariki kuwa makoloni ya Waarabu. Wanaakiolojia wamekwisha kumjibu, sina la kuongeza. Ninalolipinga ni mazoea yaliyobaki: kila Mreno alipoandika *mouro*, msomaji wetu huelewa “Mwarabu”, kisha nyaraka hizohizo hugeuzwa ushahidi wa asili ya Waswahili. Usomaji huo ni kosa, na mwanafunzi ndiye anayelibeba.

Warumi waliwaita Mauri wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Afrika. Waislamu walipovuka kuingia Iberia mwaka 711, jina lilianza kuhama kutoka kabila kwenda dini. Wahispania baadaye walilipeleka hadi Ufilipino, kwa watu wasio na nasaba yoyote na Mauri.

Ushahidi mzito zaidi umo katika shajara ya safari ya Vasco da Gama. Machi 1498, katika Kisiwa cha Msumbiji, mwandishi wake anawataja wenyeji kuwa Waislamu wasemao kama *mouros*. Kisha anaongeza kwamba wanafanya biashara na *mouros brancos*, yaani weupe, ambao vyombo vyao vinne vilikuwa bandarini na dhahabu, fedha, karafuu na pilipili. Kama *mouro* peke yake lilimaanisha Mwarabu, kwa nini aliongeza weupe? Mwezi uliofuata, Malindi, waliwakuta Wahindi wasiokula nyama ya ng’ombe, wakawahesabu kuwa Wakristo. Asiye *mouro* alionekana ndugu wa imani! Na Waafrika wasio Waislamu Wareno waliwaita *cafres*, jina walilolipata kwa Waislamu wenyewe. Mpaka wote ulichorwa kwa dini.

Nitapingwa kwamba Mreno Duarte Barbosa, karibu mwaka 1516, aliandika kuwa watu wa Kilwa walisema Kiarabu. Lakini Barbosa huyohuyo anasema miongoni mwao wamo weusi na weupe, na wote kwake ni *mouros*. Tena mkalimani wa da Gama, Fernão Martins, alijua Kiarabu. Waliozungumza na Wareno tangu mwanzo walikuwa wale waliojua lugha ya dini na biashara.

Hapa Kikwe, katika nchi ya Meru iliyopokea Ulutheri tangu misheni ya Nkoaranga ya mwaka 1902, jambo hili si geni. Mzee akisema fulani “amekuwa Mswahili”, mara nyingi ana maana kwamba amesilimu. Ukoo wake haujabadilika.

Asili ya watu itafutwe penginepo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba Waswahili wa kale walikuwa na mama wa Kiafrika kwa wingi, na kwamba damu ya Asia ya kabla ya 1500 ilikuwa hasa ya Kiajemi. Vitabu vya shule viache *mouro* kama lilivyo, au viandike “Mwislamu”.