Redio Zilizostaafu na Vilima vya Gusii

Aprili 18, 2025 ilitimia miaka 100 tangu Muungano wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa uundwe mjini Paris. Watu wa ridhaa ni wale wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa mitambo yao wenyewe, bila malipo wala biashara. Kenya ina historia yao: kabla ya uhuru majina yao ya hewani yalianza na VQ4, kisha yakawa 5Z4. Historia ya redio za ridhaa husimuliwa kama ya wavumbuzi na maabara, na hapo ndipo inapopotosha. Sehemu yake kubwa ilijengwa kwa mabaki, yaani simu za upepo zilizong'olewa kwenye teksi na magari ya polisi. Watu wa Kisii na Nyamira, kaunti za Gusii, wana kila sababu ya kuisoma upya.

Tuanze Marekani. Katika miaka ya 1950 na 1960 hewa ilijaa, Tume ya Mawasiliano ikaamuru watumiaji wa kibiashara wabane chaneli zao. Redio za zamani, zilizokuwa zikitandaza sauti kwa upana mkubwa, zikapoteza uhalali wake zikiwa bado nzima. Zilikuwa masanduku mazito ya kuwekwa kwenye buti la gari, yenye taa za kioo ndani, na ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Watu wa ridhaa walizibeba, wakazihamishia kwenye bendi yao ya megahezi 144 na kuendelea. Uingereza nako yalitokea hayohayo kwa redio za kampuni ya Pye, zikiwemo modeli za Cambridge na Westminster. Tayari mjini Los Angeles Art Gentry alikuwa ameonyesha kuwa mtambo uliowekwa mlimani unaweza kupokea sauti dhaifu ya gari na kuirusha upya mbali. Redio za teksi zilipoongezeka, mitambo hiyo ya kurudisha mawimbi ikachipuka kila kilima, na ugomvi nao ukaja. Mwaka 1972 Tume ilitunga kanuni zilizodai kila mtambo uwe na leseni yake ya pekee yenye jina linaloanza na WR, pamoja na maelezo marefu ya antena na ya namna unavyodhibitiwa. Watu waliokuwa wamejenga mtambo kwa vipuri vya jalalani waliambiwa waandike majalada kama kituo cha biashara. Walilalamika kwa miaka, na kabla muongo haujaisha masharti mengi yalilegezwa. Kwangu somo la ugomvi huo ni wazi: vifaa vilipatikana kwa urahisi, na kilichoamua kama vitazaa matunda kilikuwa ruhusa.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Redio ya zamani hupata masafa yake kutoka kwa kristali ndogo ndani ya kopo la bati, na saketi huyazidisha. Kristali ya megahezi 12.083 ikizidishwa mara 12 hutoa 145, katikati kabisa ya bendi ya ridhaa, ambayo katika kanda yetu ni 144 hadi 146. Fundi hubadilisha kristali, kisha hugeuza viini vya koili kimoja kimoja huku akitazama mita. Hutumia bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma huvuruga kipimo anachokitafuta. Redio za miaka ya 1990 kama Motorola GM300 hazina haja ya kristali mpya. Hupangwa kwa kompyuta, tena kompyuta kongwe ya DOS, maana ya kisasa ina kasi isiyoelewana na programu yake. Kisha mwaka 2013 Marekani ilibana chaneli tena, na redio nyingine nyingi zikaondolewa kazini.

Watasema simu ya mkononi imemaliza hoja. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na mnara wa simu usio na umeme huishi kwa kadiri ya betri na jenereta yake. Redio ya gari huishi kwa betri ya volti 12. Watasema redio ndogo za Kichina ni rahisi kununua. Ni kweli, na kwa kuanzia zinatosha, lakini redio iliyojengwa kwa ajili ya gari la polisi ina mapezi mapana ya kupozea joto na kipokezi kisichozibwa na mtambo wa jirani. Ukiwa nazo mbili, moja ya kupokea na nyingine ya kurusha kwa tofauti ya kilohezi 600, pamoja na vichujio, una mtambo wa mlimani. Gusii inauhitaji hasa. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari na Ziwa Victoria mita 1,134, hivyo upeo wa mawimbi kuelekea ziwani unakaribia kilomita 100. Ndani ya mabonde, hata hivyo, redio mbili zilizotenganishwa na kilima kimoja hazisikizani. Hapo ukingo wa vilima kama wa Manga, hukohuko Gusii, una kazi.

Hoja ya usalama ndiyo nzito kuliko zote. Redio ya zamani ya polisi ikiangukia mkono usiofaa ni hatari, na ndiyo maana kumiliki mtambo wa kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Jibu ni kufuta chaneli za mwanzo kabla ya kukabidhi na kumpa mwenye leseni pekee. Kuiacha stoo ikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu hakumlindi mtu yeyote.

Na njia ya kukabidhi ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 haitaji mnada peke yake. Inaruhusu pia mali isiyohitajika kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma. Kisii National Polytechnic ni taasisi ya umma, na Chuo Kikuu cha Kisii vilevile. Afisa wa kaunti, wa hospitali au wa idara yoyote ambaye ana redio kuukuu kwenye orodha ya mali ya kuondolewa, aandikie mojawapo ya vyuo hivyo kabla hajamwita dalali.