Utu wa Abiria Mahakamani: Kutoka Basi la Mikumi hadi Ndege ya Muscat

Kila abiria anapodhalilishwa safarini na habari zake zikasambaa, maelezo huwa yale yale: abiria wetu hawajui haki zao, kwa hiyo waelimishwe. Sina ugomvi na elimu. Ninachopinga ni dhana kwamba kutojua ndiko kiini cha tatizo. Abiria wa ndege ya kimataifa akidhalilishwa bila kuumizwa mwili hana haki ya fidia ya kufundishwa, kwa sababu mahakama zinazonukuliwa sana katika jambo hili zimekwisha kuamua kuwa haki hiyo haipo. Abiria wa basi anayo, walau kwa sehemu. Kinachomkwamisha ni ushahidi na gharama ya kuidai.

Tuchukue safari moja. Mtu wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, amepata kazi Muscat. Anapandia basi Mikumi asubuhi, anashukia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Louis, na usiku anaondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Kwake hiyo ni safari moja. Kisheria ni mbili, kwani ibara ya 38 ya Mkataba wa Montreal wa 1999 inasema kuwa safari ya vyombo mchanganyiko hutawaliwa na Mkataba huo kwa kipande cha angani tu.

Kipande cha barabarani kinafahamika. Ukitoka Mikumi kuelekea Morogoro unaingia hifadhini, na kwa takribani kilometa 50 abiria haruhusiwi kushuka ovyo. Wahudumu wasiotoa muda wa kutosha pale mjini hupitiliza, kisha basi husimama porini mbele ya safari watu wakachimbe dawa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, kichaka hakifiki kiunoni, na honi inalia kabla mama mwenye mtoto mgongoni hajamaliza. Mzee anayetembelea mkongojo hubaki kwenye siti yake, akijikaza hadi stendi ya Msamvu, Morogoro. Siku nyingine basi huharibika na abiria wanafaulishwa kwenye basi lililokwisha kujaa. Aliyelipia siti anasimama, na akidai nauli yake anatukanwa mbele ya watu.

Je, sheria imemwacha? Hapana. Tiketi ni mkataba, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinatoa fidia kwa hasara inayotokana na kuvunjwa kwake. Sheria ya madhara tuliyoipokea kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 inamruhusu mtu kudai hata pasipo jeraha, iwapo alizuiliwa isivyo halali, alishikwa kwa nguvu au alikashifiwa hadharani. Si kila tusi litaingia humo, lakini mlango upo, nao haufungwi haraka: miaka mitatu kwa madai ya madhara, sita kwa ya mkataba.

Angani mambo yamegeuka. Mkataba wa Montreal, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, ni mkarimu kwa namna yake. Tangu 28 Desemba 2024, abiria aliyekufa au kuumia mwili kwa ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, anastahili fidia ya hadi vizio 151,880 vya SDR vya Shirika la Fedha la Kimataifa, bila shirika la ndege kuruhusiwa kujitetea kuwa halikuzembea. Ucheleweshaji una kikomo cha 6,303, na mizigo 1,519. Begi likiharibika una siku saba za kulalamika kwa maandishi. Kesi ina miaka miwili tu. Halafu inakuja ibara ya 29: dai lolote la fidia, liwe na msingi wowote, lifuate masharti na mipaka ya Mkataba. Begi limepata ibara yake. Fedheha haikupata.

Matokeo ya ukimya huo yalionekana wazi katika shauri dhidi ya kampuni ya utalii ya Thomas Cook, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwezi Machi 2014, na inafaa tulitazame kwa karibu. Mdai alikuwa mtu aliyepooza, anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2008 alikuwa akirejea Uingereza kutoka kisiwa cha Zante, Ugiriki. Alikuwa ameieleza kampuni mapema kwamba lazima akae na mkewe, kwa sababu ndiye anayemhudumia. Hawakupewa siti za pamoja. Wakati wa kupanda, kiti chake kilipinduka akaanguka sakafuni mbele ya abiria wenzake. Kwa safari ya saa tatu na zaidi mkewe, aliyekaa siti ya nyuma, alilazimika kupiga magoti na kuinama kwenye njia ya katikati ili kumsaidia kula na kubadilisha mfuko wa mkojo, na wahudumu hawakufanya juhudi ya kuwarahisishia. Kampuni ilikiuka kanuni za Ulaya za mwaka 2006 kuhusu abiria wenye ulemavu, hilo halikubishaniwa. Jaji wa kwanza alikadiria kuwa maumivu ya nafsi yangestahili pauni 2,500. Mdai hakulipwa hata senti. Mahakama ya Juu ilisema kilichotokea kilikuwa ndani ya muda unaotawaliwa na Mkataba, na Mkataba hauna fidia ya hisia zilizojeruhiwa. Lady Hale, aliyekubaliana na matokeo, alieleza kusumbuliwa na sheria inayozima hata madai ya kuvunjwa kwa haki za msingi.

Wanaotetea msimamo huo husimama juu ya hoja ya usawa wa sheria duniani. Ndiyo hoja iliyotawala Baraza la Malodi katika shauri la Sidhu, Desemba 1996, lililohusu abiria wa British Airways waliotua Kuwait Agosti 1990 majeshi ya Iraki yakiingia, wakashikiliwa. Ndiyo pia iliyotawala Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999 katika shauri dhidi ya shirika la ndege la El Al, ambapo abiria alilalamikia upekuzi wa kudhalilisha uwanjani New York. Hoja hiyo imekuzwa kupita uzito wake. Mashauri hayo mawili yalifasiri Mkataba wa Warsaw wa 1929, mtangulizi wa Montreal, uliotungwa wakati mashirika ya ndege yalikuwa machanga na yakihitaji kukingwa. Utangulizi wa Montreal unazungumza lugha nyingine: kulinda maslahi ya watumiaji na kutoa fidia ya haki inayomrudisha mtu alipokuwa. Majaji wa 2014 walikuwa na Montreal mezani, lakini waliusoma kwa miwani ya Sidhu.

Wapo wanaosema mdhibiti anaweza kulitoza shirika faini, na inatosha. Faini huishia kwa mdhibiti. Mke aliyepiga magoti haoni chochote.

Mahakama za Tanzania hazifungwi na maamuzi hayo ya London na Washington. Kwetu ni ya kushawishi tu. Zinafungwa na Katiba, ambayo ibara yake ya 12(2) inampa kila mtu stahili ya kuheshimiwa utu wake, na tunayo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Ibara ya 29 ya Montreal inahusu kesi za fidia; haitaji tamko la mahakama kuwa haki imevunjwa wala amri ya kurekebisha utaratibu. Kwa kiwango hicho naona njia iko wazi leo. Kuhusu fidia yenyewe, nadhani neno “ajali” linaweza kusomwa kwa upana zaidi, ingawa nakiri kuwa sharti la jeraha la mwili ni kikwazo kigumu na huenda likahitaji mabadiliko ya Mkataba.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kwenye basi. Tiketi mtandao inayosimamiwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, inabeba jina la abiria, namba ya basi, siti na muda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaikubali mahakamani, na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo abiria wa Mabwerebwere anaweza kueleza kilichompata kwa maneno aliyotukanwa nayo. Wanaotoa msaada wa kisheria Morogoro wachague shauri moja lenye tiketi na mashahidi wawili waliokaa jirani, walifungue Mahakama ya Wilaya ya Kilosa, na wamwombe hakimu ataje kiasi anachokadiria kwa fedheha peke yake, mbali na nauli. Kiasi hicho kikishaandikwa katika hukumu ya Tanzania, wakili wa abiria aliyerudi kutoka Muscat atakuwa na cha kushika akienda Mahakama Kuu.