Uhuru wa Nachingwea na Uhuru wa Angani

Desemba 1970, neno moja la Kiswahili lilikuwa na kazi mbili katika Afrika Mashariki. Katika wilaya ya Nachingwea, jirani na hapa Ruangwa ninakoandikia, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakiandaliwa kuikomboa Msumbiji. Huko Kenya, tarehe 12, siku taifa hilo lilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru.

Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilisaidia kuonyesha kuwa baadhi ya vyanzo vya miale hiyo ni nyota za nutroni, yaani masalia mazito ya nyota zilizokufa, zinazonyonya gesi ya nyota jirani.

Masalia hayo yamerudi katika fumbo jingine. Mwaka 2007, Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mlipuko wa mawimbi ya redio ulionaswa mwaka 2001 na darubini ya Parkes, Australia. Ulidumu chini ya sekunde 0.005, nao ulitoka mbali kupita galaksi yetu. Aprili 28, 2020, mlipuko wa jamii hiyo ulitoka kwa nyota ya nutroni yenye usumaku mkali, safari hii ndani ya galaksi yetu. Wengi walidhani nyota za namna hiyo huzaliwa penye nyota changa. Kisha chanzo kingine kikaonekana katika kundi la nyota kongwe, kando ya galaksi ya M81. Ndiyo maana leo wanasayansi huchunguza mazingira ya chanzo kabla ya kuamua asili yake.

Nasi tuyachunguze mazingira yetu kwa kanuni hiyohiyo. Mwaka 1970 Afrika Mashariki ilitoa bahari na jina. Utafiti wenyewe uliongozwa kutoka Marekani. Leo Afrika Kusini inajenga sehemu ya darubini kubwa ya redio ya SKA, na nchi nane za Afrika zimeandikishwa kuwa washirika wake. Kenya imo. Msumbiji, iliyopata uhuru mwaka 1975 kwa msaada wa Nachingwea, imo. Tanzania haimo.

Ndugu zangu mlio ofisini na vyuoni, taifa lililowapa jirani zake kambi za ukombozi halishindwi kuwapa vijana wake maabara za fizikia. Tuanze na shule za sekondari za Ruangwa na Nachingwea.