Unachonga tela la kambi? Usikimbilie kuinua springi

Ukimwambia fundi wa kuchomelea "inua tela, barabara zetu mbaya", wengi watafanya jambo moja: springi iliyokuwa chini ya ekseli inahamishiwa juu yake. Bodi inanyanyuka, tela linapendeza, na wewe unalipa. Ila ekseli yenyewe haijapanda hata sentimita moja.

Na mara nyingi ekseli ndiyo inayogonga. Kwenye tela dogo la magurudumu mawili, ule mtaimbo unaounganisha matairi ndio uko chini kuliko karibu kila kitu. Bodi ikiwa juu itakwepa jiwe, sawa, lakini katikati ya njia yenye mifereji ya malori bado utakwama.

Kinachoinua ekseli ni tairi. Chukua kimo cha tairi kubwa, toa kimo cha tairi dogo, gawa kwa mbili. Tairi la 155/80R13 lina kimo cha sentimita 58 hivi, la 235/75R15 kama 73. Tofauti ni 15, kwa hiyo ekseli inapanda 7 na nusu. Ukiweza, funga habu zinazokubali rimu za gari lako, spea moja itumike kote kote.

Usipitilize lakini. Ingia chini ya gari lako, pima sehemu iliyo chini kabisa, labda difu. Tela likilingana na hapo inatosha, maana haliwezi kwenda gari lisikofika.

Kila sentimita unayoinua bodi inapandisha uzito juu, huku upana wa matairi ukibaki uleule. Hapo ndipo tela linapolala ubavu kwenye kona au mteremko wa pembeni. Tanki la maji na betri viwekwe chini, karibu na ekseli, lakini visining'inie chini yake. Bomba la kutolea maji na jeki za pembeni ndivyo hung'oka kwanza.

Kipimo kingine ambacho watu wanasahau ni pale tela linapofungwa kwenye gari. Pakia gari na tela kama siku ya safari, simamisha kwenye sakafu iliyonyooka, kisha pima. Mkono wa tela unatakiwa ukae sawa. Ukiinuka mbele, mkia wa tela unashuka na kukwaruza kila unapotoka korongoni, na uzito unaokaa kwenye gari unapungua. Uzito huo ukiwa mdogo mno tela huyumba. Wengi hulenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Ndiyo maana ekseli huwekwa nyuma kidogo ya katikati ya boksi, na mkia nao unakuwa mfupi.

Sasa paa. Mtu kukaa kitandani bila kugonga kichwa anahitaji kama mita moja juu ya godoro. Weka ndani sentimita 120, sakafu ikiwa 55 kutoka ardhini, ongeza unene wa paa: unafika kama mita 1.8. Likizidi sana paa la gari, upepo unalipiga na mafuta yanaondoka. Ukitaka kusimama ndani, tafuta paa la turubai linaloinuliwa ukishafika.

Na kabla fundi hajakata chuma, pima pia geti la nyumbani.