Francis Keppel, mkuu wa elimu aliyeshika mfuko wa fedha

Mwaka 1948 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanakemia James Conant, alimkabidhi kijana wa miaka 32 Shule Kuu ya Elimu. Francis Keppel hakuwa na uzamivu wala umahiri. Alikuwa na shahada ya kwanza aliyoipata hapohapo mwaka 1938, kisha akaenda Roma kujifunza uchongaji wa sanamu.

Hata hivyo, hakutoka katika nyumba ya hivihivi. Baba yake, Frederick Keppel, aliongoza Shirika la Carnegie, ambalo fedha zake zilisaidia kuanzisha Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, mwaka 1925. Mtoto alikua akiona jinsi fedha zinavyoweza kuisukuma elimu.

Conant alikuwa na shaka kubwa na Shule ya Elimu ya Harvard. Wasomi wa fani nyingine waliidharau, nayo haikuwa na fedha. Keppel hakujifanya bingwa wa nadharia. Alitafuta watu na ruzuku. Aliajiri walimu waliotambuliwa pia na idara za sayansi na fasihi, na akaupanua mpango wa umahiri wa ualimu: mwanafunzi alisoma somo lake kwa kina, kisha akafundishwa kazi darasani chini ya mwalimu mzoefu. Mwaka 1957, katika Shule ya Franklin mjini Lexington, walimu walianza kufundisha kwa timu, mmoja wao akiwa kiongozi, badala ya kila mmoja kujifungia na darasa lake. Kwangu mimi, hapo ndipo ukuu wake ulipo: alimpa mwalimu bora njia ya kupanda cheo bila kuikimbia chaki.

Mwishoni mwa 1962 Rais Kennedy alimwita Washington awe Kamishna wa Elimu. Ofisi hiyo ilikuwa ndogo na haikuogopwa na mtu. Sheria mbili ziliibadilisha. Ya kwanza, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ilikataza fedha za serikali kuu kwenda penye ubaguzi wa rangi. Ya pili, Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari, ilisainiwa Aprili 11, 1965, na ilitenga zaidi ya dola bilioni moja, nyingi zikiwa za watoto maskini. Keppel alikuwa amehangaika kuwapatanisha viongozi wa Kanisa Katoliki na chama cha walimu, waliokuwa wamevutana kwa miaka kuhusu msaada kwa shule za dini. Suluhisho likawa msaada kumfuata mtoto maskini, popote anaposoma.

Sasa fimbo ilikuwa mkononi. Huko Kusini mwa Marekani, miaka kumi baada ya Mahakama ya Juu kuharamisha utengano wa rangi shuleni, watoto Weusi waliosoma pamoja na Wazungu hawakufika 3 kati ya 100. Ofisi ya Keppel ikazitaka mamlaka za shule zilete mipango ya kuondoa utengano, la sivyo zikose fedha. Mipango ikaletwa kwa maelfu.

Kisha ikaja Chicago. Wanaharakati walikuwa wamelalamika kwamba shule za mji huo, ulio Kaskazini, zinatenga watoto kwa rangi. Oktoba 1965 Keppel alizuia zaidi ya dola milioni 30 kabla uchunguzi haujakamilika. Meya Richard Daley, nguzo ya chama tawala, akamfikia Rais Johnson, mrithi wa Kennedy, moja kwa moja. Ndani ya siku chache fedha zikaachiliwa.

Malalamiko ya wazazi wa Chicago yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana pigo hilo linauma: haraka ya Keppel iliwapa wakubwa wa mji kisingizio cha kutojibu lolote. Keppel alihamishiwa cheo kingine, na mwaka 1966 akaondoka serikalini. Harold Howe aliyemrithi hakuitupa fimbo. Machi 1966 alitoa masharti makali zaidi kwa Kusini, safari hii akidai hesabu ya watoto waliohamia kweli, si mipango iliyoandikwa tu.